Tukila Hotelini na kwa Mama Lishe, Tuangalie Nini?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo zamani halikuwa na uzito mkubwa katika familia zetu, lakini siku hizi linamgusa karibu kila mtu: kula nje ya nyumbani. Wazee wetu walipokwenda safari walibeba chakula chao au walikaribishwa njiani na ndugu na jamaa. Leo mtu wa Nyakitonto akienda Kasulu kufuata huduma, au Kibondo kumwona mgonjwa, atakula hotelini au kwa mama lishe. Vijana wa bodaboda hula hapo kila siku. Watoto wa shule hununua maandazi na mihogo ya kukaanga getini. Siku ya gulio, familia nzima huweza kula sokoni.

Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kuna hata migahawa ya Kichina, na wenye uwezo hupeleka familia zao huko siku za sikukuu. Kwetu huku juu, hoteli yetu ni ile yenye benchi mbili, sufuria ya maharage na bakuli la supu. Lakini viini vya maradhi havichagui. Vinavyoweza kumwangusha mtu katika mgahawa wenye kiyoyozi ndivyo vinavyoweza kumwangusha kwenye kibanda cha nyasi, na kinga yake ni ileile.

Hatuandiki haya kumharibia mtu biashara. Wengi wa mama lishe ni waamini wenzetu, wanajumuiya wenzetu, tena ni wajane na akina mama wanaosomesha watoto kwa sahani moja moja ya ugali. Jina lenyewe la zamani, mama ntilie, lilitokana na wateja waliokuwa wakisema, "Mama, nitilie." Tunaandika ili mteja ajue cha kuangalia, na mpishi ajue kwa nini anaangaliwa.

MARADHI HUINGIAJE KWENYE SAHANI?

Kuna njia kuu nne. Tukizielewa hizi, mengine yote tutayaelewa kwa urahisi.

Njia ya kwanza ni kinyesi. Si neno zuri la kulitaja mezani, lakini ndilo lenye ukweli. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu hutoka tumboni mwa mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine. Hupita kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji ya kisima kilicho karibu na choo, kwa miguu ya nzi, na kwa mboga mbichi zilizooshwa kwa maji machafu.

Tunakumbuka mwezi Mei 2015, wakati maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo maji salama na vyoo havikuwatosha. Kipindupindu kilizuka, wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na watu wapatao 30 walipoteza maisha, wakiwamo wenyeji. Mwezi Agosti mwaka huohuo ugonjwa huo ukazuka Dar es Salaam na baadaye ukaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache tu, kwa sababu ya kupoteza maji mwilini.

Njia ya pili ni mpishi mwenyewe. Mpishi mwenye kidonda kwenye kidole, au jipu, au anayepiga chafya juu ya chakula, huacha viini vinavyotengeneza sumu ndani ya chakula kile. Sumu hiyo haifi hata chakula kikipashwa moto. Mlaji huanza kutapika baada ya saa chache.

Tena mpishi anaweza kubeba maradhi bila yeye mwenyewe kuugua. Mfano maarufu ni wa Mary Mallon, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mpishi wa majumbani huko New York, Marekani. Mwaka 1907 iligundulika kwamba familia kadhaa alizozipikia zilipatwa na homa ya matumbo, ingawa yeye alikuwa mzima kabisa. Aliwekwa peke yake hadi 1910, akaachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Kazi ya kufua nguo aliyopewa haikumlipa kama upishi, basi akarudi jikoni kwa siri. Mwaka 1915 alikamatwa tena baada ya ugonjwa kuzuka katika hospitali ya wazazi alikokuwa akipika, akakaa kizuizini hadi alipofariki mwaka 1938. Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili: kwanza, afya ya mpishi haionekani kwa macho, ndiyo sababu hupimwa, pili, mpishi asiye na njia nyingine ya kuishi atapika hata kama amekatazwa. Jambo hili la pili tutalirudia.

Njia ya tatu ni chakula kilichokaa. Tutalieleza kwa kirefu hapa chini, maana ndilo linalodharauliwa zaidi.

Njia ya nne ni sumu iliyomo ndani ya chakula chenyewe, kama vile muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, maharage yasiyoiva, na unga wenye ukungu.

KIPORO CHA WALI

Nani kati yetu hakipendi kiporo? Wali wa jana ukikaangwa asubuhi kwa kitunguu na mafuta kidogo, ukaliwa na chai ya rangi, ni furaha ya nyumba. Wachina nao wana desturi hiyohiyo: wali uliopikwa jana hukaangwa leo kwa mayai na mboga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, watu waliokula wali wa kukaanga katika migahawa ya Kichina walipatwa na matapishi makali, na wataalamu wakachunguza sababu yake. Waligundua kwamba wali ulikuwa umechemshwa kwa wingi, ukaachwa wazi kwenye joto la kawaida la jikoni kwa saa nyingi, kisha ukakaangwa haraka.

Sababu yake ni hii. Katika mchele mkavu kuna bakteria wanaojifunika gamba gumu kama mbegu. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini mbegu hizo zinaweza kubaki hai. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kuacha sumu. Ukija kuukaanga asubuhi, unaweza kuwaua bakteria, lakini sumu waliyoiacha haiharibiki kwa moto wa kikaangio. Ndiyo maana kusema "nimeupasha ukachemka" si kinga kamili. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula.

Kwa hiyo kosa si la kiporo chenyewe, ni la kukilaza vibaya. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Ama kiwe cha moto sana, kinafuka mvuke, ama kiwe cha baridi kama cha ndani ya friji. Hapo katikati, kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, ndipo viini hustawi. Kwa kuwa nyumba nyingi na hoteli nyingi za kwetu hazina friji, njia salama ni kupika kinachotosha kuliwa siku ileile. Hotelini, wali uliopikwa saa 12 asubuhi na kuuzwa saa 9 alasiri ukiwa umefunikwa tu kwa mfuniko, bila moto chini yake, tuukatae kwa upole.

MAHARAGE, MUHOGO NA UNGA

Maharage ni fahari ya Kasulu na Kibondo. Asili yake ni bara la Amerika, huko Mexico na nchi jirani zake, kama ilivyo kwa mahindi na pilipili. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na Wareno. Vyakula hivyo vimekuwa vyetu kabisa, lakini vinadai taratibu zake.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kichefuchefu, matapishi na kuhara baada ya saa 1 hadi 3. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemsha sawasawa. Hatari hutokea pale kuni au mkaa unapokuwa ghali, mpishi akayaweka maharage kwenye moto mdogo yakalainika polepole bila kuchemka vizuri. Utaratibu mzuri ni kuyaloweka usiku, kumwaga maji yale, kuweka maji mapya, na kuyachemsha kwa nguvu kwa nusu saa kwanza ndipo kupunguza moto mpaka yaive. Kuloweka kunaokoa kuni pia. Mteja akitafuna harage likawa gumu katikati, asilazimishe tumbo lake.

Ugali wa muhogo ndio chakula chetu. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na ndiyo maana mama zetu huivundika kwenye maji siku kadhaa, kisha kuimenya, kuianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo kuitwanga au kuisaga. Hizo siku si desturi tu. Ndizo zinazoondoa sumu. Mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, kulipokuwa na ukame na watu wakafupisha siku za kuandaa mihogo michungu, wengi wao akina mama na watoto walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Ugonjwa huo hauponi. Huwapata hasa wale wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi bila kitoweo cha kutosha. Kwa hiyo mama lishe anaponunua unga sokoni, amnunulie mtu anayemwamini, wala asivutwe na bei tu. Na sisi walaji, ugali wetu uambatane na maharage, dagaa au mgebuka, maana protini ya kitoweo husaidia mwili kuiondoa sumu iliyobaki.

Kuhusu ukungu: makopa au mahindi yaliyolowa, yakawa na madoadoa ya kijani, meusi au ya njano, yanaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Unga wenye harufu ya ukungu na ladha chungu usipikwe, wala usipewe kuku, kwani sumu inaweza kumrudia mwenye kuku.

NYAMA YA NGURUWE

Jumapili baada ya Misa, baadhi ya wanaume wetu hupitia kwenye kitimoto. Hapa pana jambo ambalo wengi wamelielewa nusu.

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata vifuko vidogo vyeupe kwenye nyama, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, hupata mnyoo tegu tumboni. Tegu huyo hutaga mayai yanayotoka na choo kikubwa. Sasa sikilizeni vizuri: kifafa kinacholetwa na tegu hakitokani na kula nyama moja kwa moja. Kinatokana na kumeza mayai ya tegu, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa njia ya mikono michafu, maji au kachumbari. Mayai hayo huweza kufika kwenye ubongo na kutengeneza vifuko huko. Kwa hiyo hata mama ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kupata kifafa hicho, ikiwa mumewe mwenye tegu hanawi mikono, au mhudumu wa hotelini hanawi.

Kinga yake ni choo kinachotumiwa na wote, nguruwe kufungiwa bandani, nyama kukaguliwa na mkaguzi wa mifugo na kugongwa mhuri, na kuiva mpaka ndani pasiwe na wekundu. Na yeyote anayeona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake aende zahanati. Dawa ipo. Aidha, tunawasihi waamini waache kusema kwamba kifafa ni mashetani au laana. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa, na kuwaficha ni kuwanyima haki yao.

MAMBO 8 YA KUANGALIA KABLA YA KUKAA

Mtu mwenye njaa hana subira, lakini dakika moja ya kutazama inatosha.

1. Maji ya kunawa. Je, yapo, yanatiririka, na sabuni ipo? Kunawa watu kumi katika beseni moja si kunawa, ni kugawana uchafu. Afadhali jagi la kumiminia au ndoo yenye bomba. Ugali huliwa kwa mkono, basi mkono ndio kijiko chetu.

2. Choo. Hoteli isiyo na choo, mpishi wake huenda wapi? Na akitoka huko ananawa wapi?

3. Mvuke. Chakula kinafuka moto au kimepoa? Tuombe kipashwe mpaka kichemke, na kama kimekaa muda mrefu tuchague kingine.

4. Mikono ya mhudumu. Anayepokea fedha ndiye anayeshika chapati? Noti hupita mikono mingi. Kama yuko peke yake, atumie kijiko au koleo. Kucha ziwe fupi, kidonda kifungwe.

5. Vyombo. Vinaoshwa kwa maji mangapi? Utaratibu mzuri ni beseni tatu: ya kwanza maji ya sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza, ya tatu maji ya moto sana au yenye dawa ya klorini. Kisha vikauke juani kwenye kichanja. Kitambaa kimoja kinachofuta sahani, meza na jasho kinaeneza maradhi.

6. Nzi. Nzi akiwa juu ya nyama sasa hivi, dakika tano zilizopita alikuwa wapi? Chakula kifunikwe.

7. Vitu vibichi. Kachumbari, matunda yaliyokatwa tayari, na juisi iliyotiwa maji yasiyochemshwa huponza hata pale chakula kilichopikwa kinapokuwa salama. Ndizi mbivu au chungwa tunalomenya wenyewe ni salama zaidi.

8. Maji ya kunywa. Kikombe kimoja kinachochovywa ndani ya ndoo na kila mteja kinachafua ndoo nzima. Tukiwa safarini tubebe chupa ya maji yetu yaliyochemshwa.

Tuangalie pia mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hadi yakawa meusi, mazito na yenye moshi wenye harufu kali yanadhuru mwili. Mawese mekundu ya mkoa wetu ni chakula bora chenye vitamini A, lakini hata hayo yakiunguzwa tena na tena hupoteza ubora wake. Na maandazi yasifungwe kwenye karatasi za daftari zilizoandikwa, kwani wino si kiungo cha chakula.

TUSISAHAU SHINIKIZO LA DAMU NA KISUKARI

Wengine wetu hawataugua leo wala kesho, wataugua baada ya miaka 10. Anayekula chipsi mayai kila siku na kuongeza chumvi kabla ya kuonja anajitafutia shinikizo la damu. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mchuzi. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari inayozidi vijiko 10 vya chai. Je, nani angetia vijiko 10 katika kikombe chake cha chai? Anayekula nje kila siku achague maharage, mboga za majani, samaki na matunda, na soda aiachie siku ya arusi.

SHEREHE ZA PAROKIANI

Tukisema hotelini, tusijisahau wenyewe. Kipaimara, arusi, jubilei na Misa za shukrani hukusanya mamia ya watu, na mara nyingi pilau hupikwa usiku wa manane ili iliwe saa 8 mchana baada ya hotuba zote. Hiyo ndiyo nafasi ambayo bakteria wa wali wanaipenda. Tunapendekeza haya: nyama ichinjwe na kupikwa siku ileile, wapishi waanze mapema asubuhi wala si usiku, chakula kibaki juu ya makaa mpaka kigawiwe, watoto wale kwanza, wasisubiri hotuba, na kabla ya sherehe mwenyekiti wa kamati ahakikishe sabuni, maji ya kunawa na choo vipo, kama anavyohakikisha viti na vipaza sauti.

Kuna waamini wanaotoa hoja kwamba Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo waliong'ang'ania kunawa mikono, kwa hiyo kunawa si lazima. Hawajamwelewa. Bwana alikuwa akizungumzia usafi wa moyo, na watu waliotumia desturi kuficha ubaya wao. Hakufundisha uchafu. Kumnawisha mgeni mikono na kumpa chakula salama ni tendo la upendo, na kumlisha mwenzako maradhi kwa uzembe ni kukosa upendo.

UKIUGUA BAADA YA KULA

Muda wa kuanza kuugua hutupa dalili. Kutapika ndani ya saa chache mara nyingi ni sumu iliyokwisha kuwamo katika chakula. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, kwa wingi, kati ya saa chache na siku 5, ni dalili ya kipindupindu. Homa inayopanda siku hadi siku, wiki 1 hadi 3 baada ya kula, inaweza kuwa homa ya matumbo. Lakini homa kwetu inaweza pia kuwa malaria, kwa hiyo tupime malaria kwanza. Tusikimbilie kununua vidonge kwa sababu jirani amesema ni taifodi.

Dawa ya kwanza ya kuhara ni maji. Chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila baada ya kuhara, na mtoto apewe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole. Maji hayo yatumike ndani ya saa 24, yakizidi yamwagwe. Kama kuna pakiti za chumvi maalumu zinazotolewa zahanati, hizo ni bora zaidi. Mtoto anyeweshwe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Kumnyima maji mtoto anayehara ili "akauke" ni kumuua.

Mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya haya: choo chenye damu, homa kali, kutapika kila anachokunywa, macho yaliyodidimia, kutokukojoa, usingizi usio wa kawaida au degedege, udhaifu wa ghafla wa miguu, au kuhara maji mengi mfululizo. Njiani aendelee kunyweshwa.

WAJIBU WETU KWA MAMA LISHE

Tulisema tutarudi kwenye kisa cha Mary Mallon. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inatoa msingi wa usimamizi wa usafi, na wauza chakula hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6. Lakini sheria peke yake haitoshi ikiwa mama huyo akilala siku moja tu kwa ugonjwa, watoto wake hulala njaa.

Kwa hiyo sisi wateja tujiulize. Tunakula kwa mkopo na kulipa baada ya mwezi, au hatulipi kabisa. Tunabishana bei mpaka anapunguza mahali fulani. Atapunguza wapi? Kwenye sabuni, kwenye maji ya kununua kwa ndoo, na kwenye mkaa wa kupashia chakula. Deni letu linageuka kuwa beseni moja la kuoshea sahani mia. Tulipe kwa wakati, na tukubali bei ya haki.

Vikundi vya WAWATA na jumuiya ndogo ndogo vinaweza kufanya mengi. Vinaweza kumwalika bwana afya wa kata aje kuwafundisha mama lishe wote, wa madhehebu yote. Vinaweza kuwa na mfuko mdogo wa kumsaidia mama aliyeugua ili apumzike bila aibu. Vinaweza kuchangia ndoo yenye bomba kwa kila kibanda cha sokoni. Na mteja akiona kasoro, amwambie mama huyo kando, kwa heshima, kama mtu anavyomwambia dada yake. Akirudia, na hatari ikiwa kubwa, basi bwana afya aelezwe kabla watu hawajaugua.

Nanyi mama lishe mnaosoma ukurasa huu, tunajua mnaamka saa 10 usiku. Mkiwa mnaharisha, msipike siku hiyo. Naweni kwa sabuni kila mtokapo chooni na kila mmalizapo kumbadilisha mtoto nepi. Funikeni chakula, kiwekeni kwenye moto. Mteja anayekuta sabuni kwako leo, kesho atakuja na mwenzake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi nafaka nyumbani. Kinga ni bora kuliko tiba.